Neno la Vyungu

Jumapili ile wanawake walicheka kanisani, na hakikuwa kicheko cha kuziba mdomo kwa kiganja. Kilianzia mabenchi ya nyuma, walikokaa wafinyanzi wa Lyulilo na udongo wao uliokaukia kwenye vidole vya miguu, kikasogea mbele benchi kwa benchi, mpaka Marta, mke wa mzee wa kanisa, akalazimika kuinamisha kichwa magotini akijifanya amepaliwa.

Wimbo ulikuwa mpya. Bwana wa misheni alikuwa ameutunga kwa miezi mitatu, na Yotamu, mwalimu wa shule na msaidizi wake katika mambo ya lugha, alikuwa amewafundisha wanaume sauti zake jioni tatu mfululizo. Wanawake hawakufundishwa. Ilisemekana watadaka tu. Basi wakadaka. Kinanda kilitangulia, wanaume wakauimba ubeti wa kwanza bila kosa, wakafika kwenye kiitikio:

*Ukinijia, Bwana, lyelele,*
*moyo wote wajaa, lyelele.*

Hapo ndipo mabenchi ya nyuma yalipolipuka. Bwana aliinua macho kwenye kitabu chake, ndevu zikimtetemeka, akaashiria waendelee. Maskini wanaume wakaendelea. Kadiri walivyoitikia kwa nguvu ndivyo wanawake walivyozidi kufa kwa kicheko, na mmoja alitoka nje kabisa, kanga ikiwa imejaa mdomoni.

Upande wote wa wanawake, aliyekaa kimya alikuwa mmoja tu. Huyo ni Tusekile, mke wa mwalimu mwenyewe, aliyekuwa amemkumbatia binti yake Neli kana kwamba mtu anataka kumnyang'anya. Neno lile lilikuwa lake. Alilisikia likitoka katika vinywa vya wanaume sitini, kinanda kikilibeba.

Tuseme ukweli, lilikuwa la vyungu kwanza. Chungu kikishafinyangwa na kukauka nusu, mfinyanzi hukisugua kwa kokoto laini la mtoni. Mwanzoni jiwe hukwaruza tu. Anasugua, anazungusha, anarudi palepale, halafu inafika nukta udongo unajikaza, unaanza kung'aa, na jiwe linatoa mlio mwembamba chini ya kidole. Nukta hiyo wafinyanzi huiita lyelele. Ni fupi. Anayeipita akaendelea kusugua huichubua ngozi ya chungu. Wanaume hawaijui, kwa kuwa mwanamume hasogelei chungu kibichi. Akikisogelea, wanasema, kitapasuka motoni.

Tusekile ndiye aliyelitoa neno hilo kwenye vyungu na kulitia katika wimbo. Wenzake waliuimba pale ufukweni mwa ziwa wakisugua, wakicheka, wakimwita mchokozi, na kila mmoja aliuimba kama anayesimulia habari zake mwenyewe.

Yotamu alirudi mchana, amevua kola yake nyeupe na kuishika mkononi. Alikuwa mtu wa upande wa Ipinda, Mnyakyusa wa migombani, na lugha ya wafinyanzi aliijua kwa njia moja tu, yaani mdomo wa mkewe. Aliketi kwenye kigoda bila kusalimia.

"Mama Neli, lile neno maana yake nini?"

"Neno lipi?"

"Unalijua."

Tusekile aliendelea kumenya ndizi. Kisu kilimteleza, akakiweka chini.

"Uliniambia wewe mwenyewe," Yotamu alisema. "Mwaka ule wa kwanza. Nilikuuliza una nini, mbona unalia na kucheka. Ukaniambia, lyelele. Nikajua ni furaha."

"Ni furaha."

"Sasa mbona wanacheka?"

"Wanajua ni furaha ya wapi."

Yotamu alijifunika uso kwa mikono yake miwili yenye chaki. Sauti ilitokea nyuma ya viganja. "Bwana aliniita akaniambia, Yotamu, mna neno la kufurahi mkishiba, mna la kufurahi mkicheza ngoma, hayo nimeshayaandika. Nataka furaha inayoingia mpaka kwenye mifupa. Mtu akiipata asiwe na cha kuongeza. Nilikaa siku nzima nikitafuta, mama Neli. Kyala, Mungu wetu, ni shahidi wangu. Sikupata lingine."

Tusekile alitaka kucheka, akataka kulia, akashindwa vyote. Hakuna mtu aliyewahi kumsifu namna hiyo, na aliona moyo wake unavimba kwa mapenzi kwa mwanamume huyu mjinga aliyeketi kwenye kigoda cha jikoni. Papo hapo akamkasirikia.

"Hukuniuliza."

"Mtu huuliza neno asilolijua. Lile nililijua."

Siku ya pili asubuhi waliitwa barazani kwa Bwana. Bwana alikaa mezani na daftari lake la maneno, lile kubwa lenye jalada jeusi, ambalo watu walisema limeshameza lugha tatu. Kando yake alisimama Zebedayo, mzee wa kanisa, mikono nyuma. Marta mkewe alikaa chini kwenye mkeka. Tusekile naye akaonyeshwa mkeka. Yotamu, aliyezoea kukaa kwenye kiti cha pili pale mezani kila siku ya kazi, alikisogelea, akaona hakuna anayemkaribisha, akabaki amesimama ameshika egemeo lake.

Bwana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya jambo liwe gumu. Alikuwa ameshakesha na wagonjwa wa kijiji hicho kuliko ndugu zao. Lakini wimbo ule alikuwa ameupeleka kupigwa chapa, umeondoka na meli iliyopita, na jina lake limeandikwa chini yake. Uso wake ulikuwa na madoa mekundu.

"Mwalimu ama alijua, ama hakujua," Zebedayo alianza. "Kama alijua, amelitukana kanisa, na mtu wa namna hiyo hafundishi watoto wetu wala halali nyumba ya misheni. Kama hakujua, basi amedanganywa, na aliyemdanganya tunaye hapa mkekani."

"Nani ametunga wimbo huo wa wanawake?" Bwana aliuliza. Aliuliza kwa Kinyakyusa chake cha polepole, kila neno amelifuta vumbi.

Marta alidakia kabla ya mwingine. "Ni wa zamani, Bwana. Wa bibi zetu. Hauna mwenyewe."

Haya, huo ndio ulikuwa msaada. Marta alimtazama Tusekile haraka kisha akatazama mkeka. Kama Tusekile angetulia tu, akatikisa kichwa kama mtu asiyejua, pengine jambo zima lingeishia kwa bibi waliokwisha kuzikwa.

"Uimbe tuusikie," Zebedayo alimwambia mkewe.

"Mimi?"

"Uliucheka. Unaujua."

Marta alivuta kanga mpaka kwenye nyusi. Akaanza kuutamka bila kuuimba, haraka haraka, kama anayesoma orodha ya watoro shuleni:

*Usiharakishe, wewe mwenye jiwe,*
*ziwa halikimbii, moto haujawashwa.*
*Zungusha polepole penye shingo,*
*teremka tumboni, urudi.*
*Nanukia vumbi lililopata mvua,*
*ulimi wangu una ladha ya ndizi ya juani.*
*Lyelele, usiniache sasa.*
*Lyelele, jiwe linaimba.*

Kalamu ya Bwana ilikuwa imeshaanza kutembea. Mazoea ni kitu kibaya. Aliandika mstari wa kwanza, wa pili, akainua kichwa kwenye neno la mvua kwa macho yaliyosahau ghadhabu, akaandika tena, na mkono ukafika kwenye ndizi ndipo alipokumbuka anaandika nini. Akapiga mistari juu ya yote.

"Si hivyo," Tusekile alisema.

Wote walimgeukia.

"Mstari wa mwisho si hivyo. Jiwe haliimbi." Alijisikia akizungumza na hakuweza kujizuia, kama mtu anayeona chungu chake kinauzwa na shingo imepinda. "Ni, *Lyelele, mimi ndiye ninayeimba, si jiwe.* Ukisema jiwe linaimba, wimbo wote umeuvunja."

Marta alifumba macho. Yotamu aliachia egemeo la kiti.

"Mimi," Bwana alirudia taratibu. "Huyu mimi ni nani?"

"Ni mwanamke, Bwana."

"Mwanamke yupi?"

Tusekile aliinamia mkeka. Nje mtu alikuwa anashusha mitumbwi majini, sauti ya mbao kwenye kokoto ikasikika mpaka barazani. Zebedayo alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyemaliza kazi yake mapema.

Hukumu haikuchukua muda. Jumapili ijayo Tusekile atasimama mbele ya washarika wote. Atasema kwamba neno lile ni la vyungu tu, na kwamba wimbo wake ni uongo, kwa sababu jambo linaloimbwa humo hajawahi kulijua mwilini mwake. Ataapa akiwa ameshika Kitabu. Baada ya hapo Marta atakuwa anakaa naye kazini kwa miezi sita, kuhakikisha haimbi. Akikataa, mwalimu atatoka shuleni na katika nyumba kabla ya mvua.

"Niseme ni dhambi, nitasema," Tusekile alisema. "Niseme sitaimba tena, nitasema. Lakini kwa nini niseme sikulijua?"

Bwana alifunga daftari. Alikuwa amechoka. "Kwa sababu ukisema ulilijua," alisema, "basi mimi nimefundisha watu kumwimbia Mungu kitu cha kweli."

Hakuna aliyemwelewa, pengine hata yeye mwenyewe. Zebedayo aliwafungulia mlango.

Wiki ile nyumba ya mwalimu ilikuwa na ukimya wa nyumba yenye mgonjwa. Watu walipita njia ya mbali. Sokoni mnunuzi mmoja wa samaki alimwitikia Yotamu salamu kwa kulivuta neno lilelile puani, na wenzake wakaangua kicheko. Shuleni watoto walikuwa wamekwisha kuligundua pia, na Yotamu alimchapa mmoja kwa mara ya kwanza tangu aanze kufundisha.

"Tutakwenda wapi?" aliuliza Ijumaa, wakiwa wamekaa mbele ya chakula kisicholiwa. "Kwetu walishagawana migomba yangu siku nilipobatizwa. Hapa kwenu nitafanya nini? Sijui kutupa wavu. Watu watasema mwalimu analishwa na vyungu."

"Wafinyanzi wengi hapa huwalisha waume zao."

"Waume wengine, ndiyo." Alisukuma sahani. "Ni maneno tu, mama Neli. Unasimama, unasema, unakaa."

"Wewe unaishi kwa maneno, baba Neli. Usiniambie ni maneno tu."

Yotamu alitazama sakafu. Kisha akasema, "Au niseme mimi. Niseme nilijua, nilifanya mzaha. Nitalichukua mimi."

Alisubiri. Tusekile alimtazama mumewe, kola iliyofuliwa ikining'inia nyuma yake kwenye msumari, na vile vidole virefu visivyofaa kwa jembe wala kasia, ambavyo vilijifunza polepole, kwa kuulizwa na kuelekezwa, kile ambacho wanaume wengi wa ufukwe huo hawakuwahi kuhisi kama wana haja ya kujifunza. Aliona kwamba anasubiri akataliwe.

"Hapana," alisema. "Nitasimama mimi."

Yotamu alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndogo, ya mtu aliyetua mzigo, na Tusekile aliisikia. Angependa asingeisikia.

Jumamosi alikwenda kwa Angetile, mfinyanzi mkongwe aliyemfundisha kazi, akamkuta anapanga vyungu kwa kuchoma, nyasi kavu zimelundikwa pembeni.

"Ugonile, juba," alimwamkia kama anavyomwamkia mama yake.

"Ndaga, mwanangu." Angetile aliitika salamu bila kusimamisha mikono. "Nimesikia. Utasema?"

"Nitasema."

"Sema. Mimi nilisema mengi kwa waume wawili na wakwe watatu, na bado nipo." Aliweka chungu, akakigeuza mdomo chini. "Ila kumbuka, kitu ukikisema mbele za watu hakirudi. Hata wewe utakisikia."

Kanisa lilijaa hata madirishani. Watu ambao hawajawahi kukanyaga humo walikuja siku hiyo, na nani angewalaumu? Tusekile alisimama mbele, mkono kwenye Kitabu. Jalada lilikuwa baridi na lina vinundu vidogo vidogo, kama chungu ambacho hakijasuguliwa, na alichukia kwamba vidole vyake viliona hilo.

"Neno lile ni la vyungu tu," alisema. Sauti ilitoka vizuri kuliko alivyotegemea. "Wimbo niliutunga mimi. Ni wa uongo. Lililomo humo sijawahi kulijua mwilini mwangu."

Alitaka kwenda kukaa. Zebedayo aliinua kidole. Swali hilo halikuwamo katika makubaliano. Wengine walisema baadaye alilibuni palepale, wengine kwamba alilala nalo wiki nzima.

"Washarika wapate kuelewa vizuri," alisema. "Hujawahi kulijua. Hata kwa mumeo wa ndoa?"

Yotamu alikuwa amekaa benchi la kwanza la wanaume. Tusekile alimwona akiinua macho. Alimwona pia, kabla hajajibu, akitikisa kichwa kidogo sana. Hakujua kama anamkataza au anamwomba amalize upesi. Bwana alitazama dirisha.

"Hata kwa mume wangu," alisema Tusekile.

Safari hii walicheka wanaume. Kicheko chao kilikuwa kizito, cha chini, na kilikuwa na jina la mtu ndani yake. Upande wa wanawake hakuna aliyecheka. Kinanda kilipopigwa waliimba wimbo uleule wa Jumapili iliyopita, neno limebadilishwa, wameweka furaha ya kawaida ya kushiba, na uliimbika vizuri sana.

Nyumba walibaki nayo. Yotamu alibaki na shule. Watu walimwita mwalimu bado, wakipishana naye wakakohoa. Alirudi kwenye kiti chake cha pili mezani kwa Bwana, lakini Bwana alipouliza neno, Yotamu alianza kusema atakwenda kumwuliza mzee Zebedayo.

Wiki tatu alilala upande wake wa kitanda, amegeukia ukuta. Siku moja asubuhi, Neli akiwa ametoka kuchota maji, Yotamu aliuliza akiwa bado ameuangalia ukuta huo.

"Ulichosema pale. Uliapa."

"Niliapa."

"Ni kweli?"

Tusekile alifungua mdomo. Kulikuwa na jibu, na lilikuwa neno moja, na ndilo aliloapa kwamba hakulijua. Alijaribu kulizunguka kwa maneno mengine. Yote yalikuwa ya kushiba, ya kuvuna, ya ngoma, na kila alilolishika lilionekana dogo, angempa lingekuwa kama huruma. Alichelewa. Yotamu aliamka akavaa kola.

"Basi," alisema.

Mvua zilipokaribia, vyungu vilikuwa vingi na jua lilikuwa kidogo, wafinyanzi wakafanya kazi haraka pale ufukweni. Marta alikaa kwenye jiwe hatua mbili kutoka kwa Tusekile, akishona, maana ndiyo kazi aliyopewa na mumewe, na kila alfajiri alipofika alisema "nisamehe, mama Neli" na kila alfajiri Tusekile alijibu "kaa tu." Hakuna aliyeimba. Yalisikika mawe peke yake.

Siku hiyo Tusekile alikuwa na chungu kikubwa katikati ya magoti. Alisugua shingo, akateremka. Udongo ulianza kujikaza. Mlio ukaja, mwembamba, chini ya kidole, akainua macho na kumwona Yotamu amesimama mahali ambapo mwanamume hasimami, kwenye mchanga kati ya vyungu vibichi, kofia mkononi. Wanawake waliacha kazi. Angetile alifungua kinywa kumfukuza, akakifunga.

Yotamu alikuwa anasikiliza. Uso wake ulikuwa wa yule kijana wa mwaka wa kwanza, aliyeuliza na kungoja aelekezwe.

"Ndilo hilo?" aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Mama Neli. Ndilo hilo neno lenyewe?"

Sindano ya Marta ilisimama hewani. Hakuinua kichwa, lakini masikio anayo, na mumewe humwuliza kila jioni, naye ni mwanamke asiyejua kudanganya vizuri. Ilikuwa imebaki miezi mitano ya kuangaliwa na Marta. Nyumba ilionekana kutoka pale, na Neli mlangoni anatwanga.

"Ni udongo tu, baba Neli," Tusekile alisema. "Haulii chochote."

Yotamu alisimama kidogo zaidi. Akaitika kwa kichwa, akavaa kofia yake, akaanza kurudi kati ya vyungu, akipandisha miguu juu kila hatua asivunje kitu. Tusekile hakumtazama akienda. Alikuwa bado anasugua. Mlio ulikuwa umeshapita zamani, Angetile alimwita jina mara mbili, na chini ya jiwe ngozi ya chungu ilikuwa imeanza kuchubuka.